Jina la Bauma kwenye Diski

Cheka ukitaka, wengi wameshacheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, bila tone la kasiksi, ile pombe ya ndizi, tumboni.

Miaka ile ya vita nilikuwa nanunua diski kuukuu, zile kubwa nyeusi za santuri, hasa za rock, ambazo wazungu wa mashamba ya kahawa waliziacha Masisi walipoondoka. Tajiri mmoja wa Butembo, mwenye duka Goma, alizipeleka Ulaya. Unashangaa? Watu wakikimbia hubeba godoro na sufuria, diski zinabaki. Kazi ilinifaa. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Beni na watoto, na mtu asiye na wa kumngoja haogopi barabara.

Kuipa diski daraja hakuhitaji kuisikiliza. Unaiinamisha dirishani, unaipulizia pumzi kama anayefuta miwani, na ukungu wa pumzi ukiyeyuka mikwaruzo yote inajitokeza. Iliyo safi ni A, yenye mikwaruzo midogo ni B, zilizobaki ni C. Jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi ya katikati, diski inashuka daraja. Na kwetu kila mtu aliandika jina lake, maana diski ikiazimwa kwa sherehe bila jina, hairudi. Basi nilitembea na pamba na chupa ya spiriti, nikifuta majina ya watu. Sikujiuliza hata siku moja walikuwa akina nani.

Alasiri moja ukungu ulinikamata Burungu, nikawa sioni hata viatu vyangu. Mbele yangu kukawa na mlango wazi, na ndani mzee ameketi peke yake mbele ya kasha la mbao.

"Karibu, kaka. Ingia, mvula iko karibu," alisema. "Unatafuta diski, njo vile?"

Sikuwa nimemwambia. Nilidhani sifa zangu zimenitangulia. Majivuno ni ugonjwa wangu wa zamani.

Alijitaja kuwa Bauma, aliyekuwa karani wa shamba la kahawa. Diski zake zilikuwa kumi na moja, zote rock, kila moja ikiwa na wino wa bluu katikati: Bauma, Burungu. Nilizikagua moja moja, naye akinieleza kila mkwaruzo. Huu ulitokea mwanawe alipojifunza kutembea akaiangukia mashine ya kupigia diski. Ule ulitokea kwenye harusi, walicheza mpaka meza ikapinduka. Niamini, miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kuzungumza nami hivyo. Niliomba ukungu usiondoke upesi.

Kisha akachukua diski moja ili anisaidie, akaipulizia. Haikushika ukungu. Akapuliza tena kwa nguvu, na diski ikabaki nyeusi, kavu. Katika baridi ile ya Burungu, ambapo hata ng'ombe anatoa moshi puani! Niliona vizuri sana. Nikajiambia mzee hana mapafu.

Nilipotoa pesa alikataa.

"Sitaki makuta. Jina tu, usiifute. Mutoto wangu anapenda hii miziki sana. Siku ya kukimbia nilimwambia anitangulie, aningojee ku barabara ya Kingi. Sikufika. Akaendelea mupaka Walikale, na anawaza nilimuacha. Akiona jina yangu, atakuuliza. Utamwambia miye sikumuacha."

Nikaapa. Ndiyo, niliapa, kwa mdomo huu huu.

Nilizibeba diski mgongoni nikashuka, na chini kidogo ya pale nikakutana na mama anayeuza maziwa, nikamsifia jirani yake Bauma kwa ukarimu. Akatua jerikani lake.

"Bauma gani, Papa? Bauma alishakufa. Balimuulia mu mulango yake, ile siku ya kukimbia. Ile nyumba haina hata bati."

Nikageuka. Ukungu ulikuwa umefunguka. Kuta nne nyeusi za moto, nyasi ndani hadi kiunoni, na kasha halipo. Diski nilikuwa nazo mgongoni, nzito vilevile.

Mwenye akili angefanya nini? Mimi, kesho yake Kitchanga, nilitoa pamba na spiriti nikafuta majina yote kumi na moja. Nilijiambia ni woga. Tukisema ukweli, ilikuwa tamaa pia: bila jina, nane zilikuwa A. Tajiri alichukua kumi. Moja ya C, ile ya mtoto aliyejifunza kutembea, hakuitaka.

Miezi ikapita. Siku moja nilitandaza diski zangu sokoni Walikale. Mwanaume mmoja akaiokota ile, akaigeuza, akaweka kidole pale pale nilipofuta.

"Papa yangu alikuwa na ya vile," akasema. "Lakini ya kwake ilikuwa na jina hapa. Hii haiko yake."

"Papa yako iko wapi?" nikauliza.

"Aliniacha ku barabara. Nilimungojea siku mbili. Sijue alienda na ba nani."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ningeanzaje? Kwamba nilifuta jina la baba yake ili nipate daraja? Nikainama kupanga diski nyingine. Akairudisha diski taratibu, akaenda. Nilipoinuka kumfuata, watu wakaniambia amepanda lori la Kisangani.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakui wala haondoki. Tangu siku ile, kila diski niliyoipulizia ilitoa jina katika ukungu wa pumzi, wino wa bluu, Bauma, Burungu, kisha likayeyuka. Niliacha kazi. Siku hizi latoka hata kwenye kioo cha kunyolea. Ile diski moja bado ninayo. Nimejaribu kuliandika jina upya mara nyingi, lakini karatasi iliyolowa spiriti haishiki wino. Naishi nayo chumbani, sisi wawili, na sijawahi kuipiga.

Nakuonya basi: jina la mtu usiyemjua, liache lilipo. Hujui ni nani anayelitafuta. Na kama wewe unayenisikiliza ndiwe uliyesimama siku mbili kwenye barabara ya Kingi, baba yako hakukuacha. Aliishia mlangoni.