Wembe Ndani ya Ngome

Elkana alikuwa na wembe mfukoni, mpya, ungali ndani ya karatasi yake, na tangu walipotoka nyumbani, mtaa wa Auburn, alikuwa akiupapasa mara kwa mara kama msafiri anayechunga nauli. Siku hiyo mdogo wake Kisia alikuwa akizikwa huko kwao Vihiga. Kwao, ndugu akiingia ardhini, ndugu aliyebaki hunyolewa kichwa, na hakuna anayejinyoa mwenyewe. Lazima uwepo mkono wa mwingine, kwani msiba si mzigo wa mtu kujitwika peke yake. Elkana alikuwa amemzika baba, mama, kisha mke, na kila mara alikaa chini, akainamisha kichwa, akanyolewa. Mara hii hakujua ni nani atakayemnyoa.

Kwenda kuzika hakukuwezekana. Viza yake ilikuwa ile ya kungojea majibu. Ukitoka, mlango unajifunga nyuma yako. Alikuja Sydney mkewe alipofariki, alipoitwa na binti yake Shirleen aje kulea wajukuu. Wajukuu walikwisha kulelewa. Sasa humpita sebuleni na vitu masikioni. Akiwasalimu, wanamjibu kwa Kiingereza wakiwa tayari wamefika mlangoni. Mtu aliyesimamia mitambo ya kiwanda cha sukari hadi mvi zikamtoka amebakiwa na kazi moja: kumwagilia sukuma wiki katika chungu cha plastiki, kwenye roshani ya ghorofa ya nne.

Habari za kifo zilipofika, alivaa koti, akapanga viti ukutani, akangoja watu. Zamani kifo kiliwaita watu kwa miguu yao. Huyu alikuja na kuni, yule na kuku, na asiye na kitu alikuja na sauti yake, akalia nayo mpaka kuche. Siku hizi watu wanatuma picha ya mikono miwili iliyoungana. Simu ya Shirleen ilijaa mikono hiyo, na mlango haukubishwa na mtu ila Faida.

Faida alikuwa Mkongo wa Fizi, mjane, aliyefanya kazi na Shirleen katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja kwa treni na sufuria ya maharage. Aliviona viti, akavipita, akakaa sakafuni karibu na mzee. Elkana hakulisahau jambo hilo.

Jumamosi ya mazishi, Clifford, mume wa Shirleen, aliona si vizuri mzee abaki ndani akiwaza.

"Twende Middle Head," alisema. "Kuna ngome ya zamani, kuna hewa ya bahari. Mazishi tutaangalia kwa simu huko huko."

Faida akaalikwa kwa kuwa garini kulikuwa na nafasi.

Ngome yenyewe imekaa juu ya jabali linalotazama mlango wa bandari. Ni mashimo makubwa ya duara, yamejengwa kwa mawe na saruji, na ngazi zinashuka hadi kwenye vichochoro vya giza walimoweka baruti. Mizinga ilikwisha kuondolewa. Sasa pamekuwa bustani ya watu wote. Watu wanatembeza mbwa, wachumba wanapiga picha ukutani. Penye kuta kuna vibao vya maelezo. Elkana, ambaye Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa nyama, alivisoma kimoja kimoja, polepole, midomo ikicheza.

"Walijenga yote haya kumngoja adui," alimwambia Faida, "na adui hakuja."

"Kwetu alikuja bila kungojewa, Papa."

"Na tazama wanavyoyatunza. Jiwe likilegea, fundi analetwa. Mambo yetu sisi yakilegea tunaambiwa yamepitwa na wakati."

Jua lilikuwa limeinama. Ilikuwa majira ya baridi, na upepo ulikata masikio. Kule Vihiga ilikuwa asubuhi. Walizika mapema kwa sababu mchungaji alikuwa na mazishi mengine siku hiyo. Clifford alisimama juu ya ukingo, simu mkononi, akitafuta mtandao.

"Mzee, wamefika kaburini!"

Elkana akashuka ngazi hadi ndani ya shimo la mzinga, ambako upepo haukufika. Akakaa chini juu ya saruji, akavua kofia, akatoa wembe.

"Shirleen. Ninyoe."

"Baba! Hapa? Kwa wembe?" Shirleen alishuka akamsimamia. "Na hizo dawa zako za damu? Ukikatwa, damu haitakatika. Jumatatu nitakupeleka kwa yule kinyozi Mturuki pale Auburn. Atakunyoa vizuri, akuwekee na taulo la moto."

"Taulo la moto," Elkana alisema. "Kisia amekufa, mimi niwekewe taulo la moto."

"Baba, si hivyo."

"Kila asubuhi unanyoa baba za watu. Mgiriki unamnyoa. Muitaliano unamnyoa."

"Ndiyo, nawanyoa!" Sauti ya Shirleen haikuwa na hasira, ilikuwa imechakaa tu. "Nimetoka zamu usiku mzima, sijalala. Nimewageuza, nimewaosha, nimewanyoa. Mchana huu mmoja, Baba, mikono ipumzike."

Akaketi kwenye ngazi, akafumba macho. Elkana akabaki na wembe kiganjani. Baba huomba mara moja.

Faida, aliyeshuka nyuma yao, ndiye aliyenyoosha mkono.

"Papa, leta iyo wembe. Maji iko?"

Kulikuwa na chupa ya maji. Faida akamlowesha kichwa, kisha akasita.

"Lakini miye si ndugu yako. Ata kabila si moja."

"Aliyekaa sakafuni na mimi ni ndugu yangu."

Basi akaanza utosini. Nywele nyeupe zikaanguka begani na mapajani. Watalii wawili walichungulia kutoka juu, wakaomba radhi, wakaondoka haraka. Faida alinyoa mbele na ubavuni, kisha mkono wake ukasimama.

"Nyuma kuko giza, siwezi, Papa. Macho yangu hayaone. Kule kambi ya wakimbizi nilinyoa wafiwa wengi, na wengine watoto. Macho yaliishia kule."

"Nyoa kwa kupapasa."

"Nitakukata."

"Nikatwe!"

"Hapana, Papa."

"Mzee, wanamshusha!" Clifford aliita kutoka juu. "Wanamshusha sa hii! Ah... imekwama. Imekwama tena."

Elkana alikaa pale, kichwa nusu, maji ya baridi yakimtiririka shingoni. Kisia alikuwa akishuka ardhini kwao, na kaka yake alikuwa ameachwa katikati ya msiba kama shamba ambalo jembe limevunjikia. Hakumtazama Shirleen.

Kisha akasikia viatu kwenye ngazi. Kidole gumba kikamshika nyuma ya shingo, kikavuta ngozi ikanyooka, na wembe ukaanza kupita, mfupi, mwepesi, bila kukwaruza. Ulikuwa mkono unaoijua kazi yake, mkono wa kila asubuhi, na kwa mazoea hayo hayo mdomo nao ukafuata:

"Good boy. Nearly done, darling."

Mkono ukaganda. Faida akatazama pembeni.

Elkana aliyajua maneno hayo ya kumbembeleza mtoto ni ya nani. Ni ya wazee wa kule kazini kwake, ambao majina yao husomwa mlangoni kabla ya kuingia. Angeweza kukasirika, na haki angekuwa nayo. Lakini hata hasira inataka nguvu.

"Maliza, mama," alisema.

Shirleen akamaliza. Akamfuta kichwa kwa skafu yake.

"Baba mdogo Kisia ndiye alikuwa ananibeba mabegani tukienda mtoni?"

"Ndiye."

"Sikumbuki uso wake."

"Angekukumbuka wako."

Clifford akachungulia. "Mtandao umerudi, lakini wameshafukia. Ai, Mzee! Umekuwa kijana!" Akatazama saa. "Haya, twendeni, muda wa parking unaisha."

Zilibaki nywele. Nywele za msiba haziachwi zichukuliwe na ndege; zinafukiwa. Ndani ya shimo kulikuwa na saruji tupu, na nje kibao kilikataza watu kuacha njia au kugusa mimea.

"Ukichimba hapa ni faini, Mzee," Clifford alisema.

"Nchi yote hii," Elkana akanong'ona, "na udongo wa kijiko kimoja sina."

Faida akapiga magoti, akazikusanya zote, akazifunga katika leso yake.

Walipofika nyumbani, Elkana alichukua kijiko jikoni akatoka kwenye roshani. Akachimba kando ya shina la sukuma wiki, akazitia nywele, akafukia, akashindilia kwa kidole. Shirleen alisimama mlangoni, tayari amevaa sare ya zamu ya usiku.

"Baba, hizo sukuma tutakula?"

"Tutakula."

Akainua kopo, akamwagilia, kama alivyomwagilia jana.