Mafunguo Yangu na Pikipiki ya Marehemu

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa yanafika kiunoni, tukala ugali wa muhogo asubuhi na jioni, na mwenye mtama kidogo wa kuchanganya akajiona tajiri, ndio mwaka ambao mimi, bibi mzima mwenye wajukuu kumi na mmoja, nilianguka kwenye mavi ya ng'ombe mbele ya mchungaji na wakwe zangu. Nasema mwenyewe, maana huku Kemambo wakisimulia wao wanaongeza chumvi.

Kosa lilikuwa dogo. Nilifunga stoo ya unga kwa kufuli (Gati, mke wa mwanangu Mwita, si mwizi, ila anapika kila siku kama kuna harusi), halafu ufunguo wake nikauunganisha na ule wa pikipiki ya marehemu mume wangu, nikaongeza wa sanduku, wa banda la kuku, na mengine matatu ya makufuli yaliyopotea zamani (mimi ufunguo situpi), na juu yake kengele ya ndama, ili mtu akiyagusa nisikie.

Tangu hapo pikipiki ikapata wazimu. Nyumbani inawaka vizuri, njiani pu, imezima, unasubiri, unapiga kiki, inawaka kama haijafanya kitu. Mwita akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaipeleka kwa fundi, ikanguruma pale imesimama mpaka fundi akachoka kuisikiliza, akasema haina ugonjwa. Kurudi, shimo la kwanza, pu.

"Mama, marehemu amekataa," Mwita akasema. "Kuna mtu wa Nkende anaitaka, tuiuze tupate ndama. Na huo ufunguo wa stoo mwachie Gati, Jumapili tunaenda Machochwe, watoto watakula nini?"

Nikamwambia, "Siiuzi pikipiki ya mume wangu, na ufunguo wangu simpi mtu."

Kiburi kikanipanda, nikaongeza kwamba ikizima kabla hatujafika Machochwe, aiuze. Gati nikampimia unga kwenye bakuli.

Machochwe kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa binti yangu Robi. Nilikaa nyuma ya Mwita na kitenge kipya, na safari nzima sikuona mto wala mashamba, nasikiliza injini tu, kila shimo nabana pumzi, kila tuta naita jina la marehemu, mgongo unauma, na kengele ya ndama inalia mbele yetu kama tunapeleka mahari. Haikuzima. Nikaanza kucheka peke yangu.

Hatua kama ishirini kutoka kwenye lango la mkwe wangu, pale mlimani walipopitisha ng'ombe, pu.

"Mama, imezima kabla hatujafika."

"Tumefika! Naona mpaka sufuria!"

Akaniambia nishuke asukume. Nikakataa, nitaingia kwa wakwe nimekaa juu yake. Basi akashuka yeye, akasukuma mimi nimekaa kama malkia, utelezi ukamshinda, pikipiki ikarudi nyuma na mimi. Marwa, mume wa Robi, akatoka mbio kunidaka. Sasa kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kupokezana kitu mkononi hakuna, basi alipobakisha hatua mbili akakumbuka, akasimama amenyoosha mikono kama anayekamata kuku, ananiangalia ninavyokwenda chini polepole, mpaka kitenge kipya kikakaa kwenye mavi. Mchungaji akageukia ukuta.

Na huyo Marwa ndiye anayejua pikipiki kuliko wote! Akasimama mbali, ameinamisha uso.

"Robi, muulize mama, ikizima, indiketa nayo inazima?"

"Robi, mwambie mumeo sijui, mimi nakaa nyuma," nikajibu, naye ananisikia vizuri kabisa.

Akamwambia Mwita awashe injini, aache indiketa ipige, halafu atikise mafunguo. Kengele ikalia, injini kimya, indiketa kimya. Akarudia, ikawa vilevile.

"Robi, mwambie mama swichi ya ufunguo imelegea. Mzigo wa mafunguo unaivuta, kwenye shimo unakata moto. Kwa fundi ilikuwa imesimama, ndio maana hakuona."

Watu wote wakatazama mafunguo yangu. Mama yake Marwa akasema, "Mwenzangu, haya yote ya nini? Umefungua duka?" Wakacheka mpaka mtoto wa ubatizo akaamka.

Nikauchomoa ule mmoja wa pikipiki, nikauweka juu ya jiwe, Marwa akauokota kwenye jiwe, akaujaribu. Pikipiki ikakubali.

Kurudi, Mwita hakukwepa shimo hata moja, alikuwa anatafuta (namjua, nimemzaa), na haikuzima. Jua halijazama tukamkuta Gati amekaa mlangoni pa stoo na wajukuu zangu, bakuli tupu miguuni. Walikuwa wameshindia maboga. Akaniinulia lile bakuli. Afadhali angenitukana.

Nikafungua, nikapima unga, safari hii nikajaza. Naapa, kwenye ufunguo wa pikipiki sitaning'iniza tena hata uzi. Mengine nimeyavaa shingoni na kengele yake, shingo inaniuma, usiku nikigeuka inalia, siku hizi kuku wananijua.

Mwita bado hajachoka. Juzi tena: "Mama, ulisema mwenyewe ikizima niiuze. Basi kama hutaki, angalau ufunguo wa stoo mpe Gati."

"Siiuzi pikipiki ya mume wangu, na ufunguo wangu simpi mtu."