Tundu kwenye Jani la Mgomba

Nta ya kupaka kamba ya upinde ina harufu ileile ya nyumbani hata hapa ugenini, Queensburgh, dukani ninakorekebisha pinde za wateja msimu wa kuwinda ukikaribia. Upinde nikishaurekebisha, mwenyewe anapiga mshale kupitia karatasi. Tundu likiwa dogo na la duara, mshale unaruka sawa. Karatasi ikichanika kwa urefu, kuna kitu kimekaa vibaya.

Papa, baba yangu, hakuwa na karatasi. Alitandaza jani la mgomba kati ya vijiti viwili, akapiga, mimi nikakimbia kumsomea tundu kwa sababu macho yake hayakufika mbali tena. Siku moja jani lilichanika urefu wa kiganja changu. Akabadilisha mshale, akakaza kamba, na jani lingine likachanika vilevile. Mara ya tatu sikuangalia jani, nilimwangalia yeye. Mkono ulioshika upinde ulikuwa unatetemeka.

“Mama, tundu iko namna gani?” aliuliza. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikalikunja jani haraka. “Iko ya duara, papa. Upinde iko sawa.”

Kesho yake akaingia porini. Alirudi baada ya siku mbili bila nyama, akautundika upinde ukutani, na hakuniuliza kitu tena.

Leo mzee mmoja amepiga mara tatu, karatasi ikachanika kila mara, na nimeshakaza kila kinachokazwa. Upinde wake hauna shida. Ananitazama, anangoja nimwambie. Nimechoka, na vidole vyangu vimeshaanza kuikunja karatasi.