Bibi Stoyna, Mteja wa Majaribio Yote

Petkana aliingia ofisini na sinia la banitsa, ile mikate ya jibini, bado ya moto ndani ya taulo. Ilikuwa siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu wanayeshiriki jina, na pale mjini Plovdiv mwenye jina ndiye anayewalisha wenzake, awe na hamu ya kula au asiwe nayo. Yeye hakuwa nayo. Mchana bosi wake, Zhivko, angeamua kama abaki kazini. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha juzijuzi, na mkataba nao ulikuwa ukingoni.

Kazi yake ni majaribio yanayojiendesha yenyewe kwenye kompyuta, yanayolikagua duka la mtandaoni kabla watu hawajaliona. Alipokuwa nyumbani ananyonyesha, aliyemshikia nafasi aliyafanya majaribio yote yatumie mteja mmoja wa kubuni, Bibi Stoyna. Jaribio hili linamwekea pesa, linalofuata linanunua kwa pesa hizohizo. Kila moja lilikula makombo ya lililotangulia, na yakipangwa foleni ileile yote yalitoka kijani, yaani yamepita.

Kisha, Petkana aliporudi, Zhivko akataka yaendeshwe kwa pamoja, kuokoa muda. Yakaanza kumgombania bibi wa watu: hili linamwondolea pesa, lile bado liko naye dukani. Nyekundu tupu. Usiku wa kuamkia siku hiyo Petkana akaketi nyumbani, mtoto kalala mapajani, akalipatia kila jaribio mteja wake mpya na pesa zake, lisidowee la mwenzake.

Ugomvi ukaisha. Nyekundu haikuisha.

"Heri ya jina, dada! Uishi mpaka uote meno mapya," alisema Lyuben, aliyeliandika duka lenyewe, mdomo umejaa. "Jibini hukuibania. Ila hiyo skrini yako mbona kama bucha?"

"Ni ile sehemu ya malipo uliyoiandika, Lyuben. Anayenunua kwa mara ya kwanza anakataliwa."

"Acha! Jana mteja alinunua."

"Jana alikuwa Bibi Stoyna. Yule mteja wa zamani, ana manunuzi yamejaa tele. Mgeni hapiti."

Lyuben aliacha kutafuna. Petkana alimwona anavyoelewa, macho yakimshuka polepole. Kisha Lyuben akajifuta mafuta vidoleni.

"Mimi sijui," alisema, Zhivko akiwa ameshafika nyuma yao. "Kabla hajagusa kulikuwa kijani."

"Bosi, nipe dakika nikuonyeshe..."

"Petkana, mama, wenye duka wananingoja kwenye simu. Rudisha yale ya zamani, tena kwa foleni."

"Yale yanadanganya."

"Yale yanapita." Alichukua kipande cha banitsa, akakiangalia badala ya kumwangalia yeye. "Mtoto bado mdogo. Mkataba tuuache tu uishe, upumzike. Lakini hili nimalizie kwanza."

Petkana alimtazama Lyuben. Lyuben alikuwa anatafuta kitu mfukoni, asichokipata.

Petkana akayarudisha. Mikono ilikuwa inajua njia. Bibi Stoyna akaingia, akawekewa pesa, akanunua, akatoka, na kijani ikashuka skrini nzima mstari kwa mstari. Mtu akapiga makofi. Mwingine akamwambia tena uishi miaka mingi, akimaanisha.

Sinia lilikuwa tupu. Aliliosha kwenye sinki la ofisi, akalikausha, akalifunga kwenye lile taulo ambalo bado lilinukia siagi. Nje huko, watu wasiowahi kununua walikuwa wanakaribia kufunguliwa mlango wa duka.