Damu ya Saa Tisa

Damu ni damu, unasema, wakupime saa yoyote. Mdogo wangu, hata mimi nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Usiangalie vile sina mvi. Kaa hapo nikuambie vile nilimharibia Kiprono.

Kiprono tuliingia jandoni pamoja, kwa hivyo aibu yake ni yangu. Mtu akimcheka mbele yangu, tunapigana. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa. Tangu hapo hamu ya mke ikamwisha kabisa, miezi mingi. Aliniambia tukiwa ndani ya majani chai, mikono inachuna, haniangalii. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: yeye na mkewe Chebet wapate mtoto mwingine.

Na mimi, daktari wa kusoma kwa simu, nikasema ni testosteroni imeshuka, ile homoni ya kiume, twende wapime. Akauliza kama tuende asubuhi. Nikakataa. Asubuhi ni ya kuchuna, tupeleke majani kituo kwanza, yapimwe, ndio twende. Tukafika kliniki moja ndogo saa tisa mchana, ameshakula, amechoka. Wakatoa damu hiyo mara moja tu, wakasema iko chini, na hapo hapo wakaanza kumdunga sindano. Hakuna mtu alimuuliza juu ya mtoto aliyemzika. Hata mimi.

Nguvu zilirudi, sikatai. Nilijisifu mpaka akachoka. Lakini mwaka ukaisha na Chebet hana mimba. Tukaenda wote watatu hospitali, Kericho, wakapima mbegu zake. Daktari, mama mmoja mpole, akauliza ile damu ilitolewa saa ngapi. Nikajibu mimi. Akaweka kalamu chini.

"Hiyo homoni hushuka mchana," akasema. "Inapimwa asubuhi, kabla ya kula, tena mara mbili, siku tofauti. Na hizi sindano zimezima mbegu zake. Sioni hata moja."

Zinaweza kurudi akiacha sindano, alisema, lakini pole pole, na hakuahidi. Kiprono ameacha. Mpaka leo hakuna kitu. Chebet amerudi kwao Silibwet. Na huyu mtu hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenipiga.

Kwa hivyo wewe, kama hamu imepotea, enda hospitali ya maana, asubuhi, na njaa yako. Majani yakikomaa, yakomae. Ikitoka chini, wapime tena. Mwambie daktari yote: usingizi, pombe, sukari, dawa unazokunywa, mtu uliyemzika. Na kama unataka mtoto, sema kabla mtu hajakushika na sindano.

Mungu akupe nyumba ya kelele za watoto, na akupe rafiki anajua kunyamaza kuliko mimi.

Sasa usinizungushe. Watu walikuona huko Soin kwa yule muuza dawa. Ushadungwa, ama bado?