Droni Iliyochelewa Kupanda Juu ya Migomba Yangu

Siku waliyokuja kupima mashamba ya kitongoji chetu huku Suma, nilifagia uwanja mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya wageni, mara ya pili kwa sababu mikono haikutaka kutulia. Tulikuwa tunaandikiwa hati za kimila. Shamba langu linaanzia barabarani, linashuka na migomba hadi kijitoni. Kile kipande cha chini chenye unyevu, nilikopanda magimbi tangu niolewe, shemeji yangu alikuwa anasema ni chake. Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikitaka apande parachichi. Kaka yake alipokuwa hai hakufungua mdomo.

Waliokuwapo siku ile nawakumbuka wote, majina yao na ya baba zao. Siyaandiki. Wana wajukuu wanaosoma.

Mpakani palikuwa na mfereji, tuliuchimba mimi na mume wangu. Shemeji aliufukia baada ya msiba. Ukisimama chini huoni kitu, lakini majani yaliyoota juu yake ni ya kijani kuliko mengine, na ukiwa ng'ambo, kule kilimani, unauona mstari umenyooka mpaka majini. Nilimweleza hivyo mpimaji. Alikuwa dada wa kama miaka thelathini, ametoka Tukuyu mjini na sanduku lenye droni, kile kindege cha mapanga manne kinachopiga picha kutoka juu.

"Basi usihofu, bibi," aliniambia. "Ikifika juu kabisa itauona huo mstari. Hakuna wa kubishana na picha."

Nikaamini. Nikamwekea mwenyekiti wa kijiji benchi, akakaa na makaratasi yake. Shemeji alisimama, mikono nyuma.

Droni ikanguruma, ikanyanyuka. Ilifika usawa wa migomba ikaanza kupanda kama mtu mwenye goti bovu. Kidogo, inasita. Kidogo tena. Dada alikuwa amesukuma kile kijiti cha rimoti mpaka mwisho, nikaona kidole chake kimekuwa cheupe.

"Shemeji," shemeji yangu akasema, "wewe na hii ndege mmezaliwa mwaka mmoja?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye alicheka, nilimwona.

Dada akaishusha. Hakukasirika, alitafuta ugonjwa kitu kimoja kimoja. Kwanza rimoti, asije akawa ameiacha kwenye mwendo wa polepole. Hakuwa ameiacha. Kisha akatoa betri akanipa niishike. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ilikuwa imelala kwenye gari, na Juni ya kwetu mnaijua.

"Betri ya baridi haina nguvu, bibi."

"Niipeleke jikoni, mafiga bado yana moto."

"Hapana, motoni inalipuka."

Basi nikaitia kwapani, ndani ya sweta, nikaifunika kwa kanga, kama ninavyomfanyia kifaranga aliyelowa. Nikakaa hivyo mbele za watu. Huku nyuma ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka upande wa Kyela. Niliutazama, nikaibana betri zaidi.

Ikaruka tena. Afadhali kidogo, lakini bado. Dada akaishusha, akavua vile viduara vya plastiki vinavyozunguka mapanga. Alikuwa ameviweka kwa kuogopa majani ya migomba. "Huku ni juu, hewa nyepesi," akasema, "kila uzito unaidai."

"Bado kuivua ngozi," shemeji akasema.

Ikaruka mara ya tatu. Afadhali tena, lakini ilikuwa inajivuta upande mmoja. Ilipotua nikaomba niishike. Mimi darasa niliishia la tatu, ila mundu na jembe nimenoa maisha yangu yote, na chuma kilichopinda kidole changu kinakijua, ingawa haya hayakuwa chuma. Nilipitisha kidole kwenye mapanga, moja baada ya jingine. Mawili yalikuwa sawa. Mawili yalikuwa yamejikunja ncha, kidogo sana.

"Haya yamepinda," nikasema.

Dada akayanyanyua juani, akayatazama kwa ubavu. Akasema yalibanwa na kifuniko cha sanduku, na ni kosa lake, hakuyakagua asubuhi. Akafunga mengine mapya. Droni ikapaa mpaka ikawa nukta. Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Akaniita nitazame kwenye kioo. Niliiona barabara, nikaliona bati langu lenye kiraka, nikaiona migomba ya juu, mashina ningeweza kuyahesabu. Kisha chini yake ni weupe mtupu. Ukungu ulikuwa umeshalala juu ya magimbi, na kijito, na mstari wangu.

Nikaomba warudi kesho asubuhi.

"Kesho tuko kitongoji kingine," mwenyekiti akasema.

Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kupaacha patupu pale kwenye mchoro.

"Hapaachwi patupu. Pasipo na picha tunasikiliza mashahidi." Akanigeukia. "Mama, siku baba mkwe wenu alipowagawia wanawe shamba, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulimwona akionyesha mpaka?"

Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Akipita, unajitenga. Akisimama karibu, unageuka. Siku ile alipita migombani na wanawe akionyesha kwa fimbo, nami nilikuwa kule kwenye magimbi, nikageuka nikaangalia kijito mpaka wakaondoka. Nilisikia kila neno. Alisema mpaka ni pale anapolima mkwe wangu. Ni mimi huyo.

"Nilisikia," nikasema. "Nilikuwa nimegeuka."

"Mgongo hauoni mpaka, mama."

Wakacheka tena. Shemeji hakucheka, hakuwa na haja. Yeye siku ile ya kugawiwa alikuwa ameshika mkono wa baba yake, na sasa akasema aliona fimbo ikiishia kwenye migomba. Wazee wawili wakaitikia, na mmoja wao siku hiyo alikuwa hata hajahamia kwetu. Jina lake ninalo.

Heshima ile niliitunza miaka yote, mkwe akaisifu, mama mkwe akaisifu, na shemeji mwenyewe alikua akiiona. Sasa akaitumia kunitoa shambani. Ndiyo inayonichoma kuliko ukungu na kuliko mapanga yaliyopinda.

Mwenyekiti akaniambia nisiposaini na shamba la juu litabaki bila hati. Nikaandika jina langu polepole mahali palipoandikwa nimeridhika. Dada alinishikia karatasi isipeperuke. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wiki iliyofuata shemeji aliingia kule chini na jembe. Jioni akapita kwangu na kapu limejaa magimbi, ameyaosha kabisa kijitoni, meupe.

"Nimeona nisile peke yangu, shemeji," akasema.

Mgeni akileta kitu, unapokea. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ndaga, asante, nikayabandika. Yalikuwa yamekomaa vizuri. Tulikula wote wawili, yeye akasifu.