Jua la Dirishani

Nakumbuka asubuhi moja pale Mkuyuni, kando ya ziwa, mwanangu, nimempakata Kabula, kifungua mimba wangu, kichwa kimenivurugika. Alikuwa na mwaka na miezi miwili, na miguu yake ilikuwa inapinda. Nilimnyonyesha vizuri, nikala sato na dagaa mpaka nikawachoka. Sasa nimekosea wapi?

Mama mkwe alikataza mtoto asitolewe nje, macho ya watu ni mabaya. Jirani naye akasisitiza jua. Wanasema penye wazee haliharibiki neno; kwangu wazee walijaa, na neno likaharibika hivyo hivyo. Nikataka kuwaridhisha wote: kila siku nilimlaza Kabula juani, lakini ndani, kwenye dirisha la kioo lililofungwa, watu wasimwone wala wadudu wa ziwani wasimfuate. Nilijiona mjanja.

Asubuhi hiyo nikampeleka kliniki. Muuguzi mmoja wa makamo alimshika miguu, akauliza mtoto anaota jua wapi.

“Dirishani, mama. Tunafunga kioo.”

Akashusha pumzi. “Basi umempa joto tu. Kioo kinazuia ile nguvu ya jua inayoupa mwili vitamini D. Na maziwa ya mama yana kidogo sana, hata ule samaki namna gani.”

Hapo nikachanganyikiwa kabisa, na moyo ukaniuma. “Kwa hiyo niache kunyonyesha?”

“Nani kasema uache? Nyonyesha. Yeye tutamwongezea matone ya vitamini hiyo.”

Daktari akampima, akamwandikia dawa. Nyumbani nilimweleza mama mkwe maneno ya muuguzi. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi kibarazani, mbele ya macho ya mtaa mzima, amemfunua Kabula miguu juani.

Miguu ilinyooka polepole, mwanangu, na roho yangu ikatulia. Ila sikufichi, mpaka leo sielewi jua la kule juu linaingiaje kwenye mfupa. Nimekubali kutoelewa.

Wewe unayenyonyesha sasa, usifuate ushauri ili kuwaridhisha wakwe tu. Usisubiri miguu ipinde. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Uliza kliniki tangu mtoto akiwa mchanga: apewe matone? Mangapi? Na wewe je, unahitaji? Usijipimie mwenyewe, maana dawa ikizidi nayo ni balaa. Kuuliza si ujinga. Mimi niliona aibu kuuliza, na aliyelipa ni Kabula.

Mungu akujalie maziwa tele, na huyo unayempakata asimame wima, akukimbie uwanjani mpaka uchoke kumfukuza.